Joseph Lister, mganga aliyebadilisha hesabu ya vifo vya vidonda vinavyooza

Katika hospitali za Ulaya za miaka ya 1860, mganga mpasuaji hakuhitaji vipimo vya damu ili akisie ni mgonjwa gani atakufa. Alitazama tu mguu uliovunjika. Kama mfupa ulivunjika na ngozi ikabaki nzima, aliufunga mguu kwa vibao, akijua kwamba mgonjwa atarudi kwake. Kama mfupa ulitoboa ngozi ukatokea nje, alijua kwamba mambo ni mabaya. Baada ya siku chache kidonda kingeanza kunuka, nyama ingegeuka rangi na kuoza, na homa ingepanda. Dawa ya kawaida ilikuwa kuukata mguu mapema, kabla uozo haujapanda juu. Hata hivyo, katika hospitali kubwa, watu wanne kwa kila kumi waliokatwa walikufa.

Joseph Lister, mpasuaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1912, alijifunza kazi yake katikati ya vifo hivyo. Tofauti yake na wenzake wengi ni kwamba hakukubali kwamba hali hiyo ni ya kawaida. Aliuliza kwa nini mifupa miwili iliyovunjika kwa namna moja ina mwisho tofauti, na jibu alilolipata ndilo linaloongoza vyumba vya upasuaji dunia nzima hadi leo.

Mtoto wa mfanyabiashara aliyependa vioo

Lister alizaliwa tarehe 5 mwezi wa nne 1827 huko Upton, kijiji kilichokuwa mashariki ya London. Wazazi wake walikuwa wa dini ya Waquaker, Wakristo wanaopenda maisha ya unyenyekevu na kukataa vita. Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa divai, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kutengeneza vioo vya hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hakuwa profesa, lakini vioo vyake vilikuwa bora kiasi kwamba wanasayansi wa Uingereza walimpokea katika chama chao kikubwa, Royal Society. Kwa hiyo mtoto alikua akiona jambo ambalo waganga wengi wa wakati ule hawakulizoea: kwamba ndani ya tone moja la maji kuna dunia nzima.

Vyuo vya Oxford na Cambridge havikutoa shahada kwa watu wasiokuwa wa Kanisa la Uingereza. Lister akaenda University College London, chuo kilichopokea watu wa dini zote. Alimaliza masomo ya uganga mwaka 1852. Dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa imeingia Uingereza mwishoni mwa mwaka 1846. Wapasuaji walifurahi, kwa sababu sasa waliweza kufanya kazi bila mgonjwa kupiga kelele na kushikiliwa na watu wanne. Lakini dawa hiyo haikuzuia vidonda kuoza. Kadiri wapasuaji walivyothubutu kupasua zaidi, ndivyo walivyopata vidonda vingi zaidi vya kuoza.

Swali la kwanza: kwa nini huyu amepona?

Akiwa mganga kijana katika hospitali ya chuo hicho, Lister alishuhudia mlipuko wa ugonjwa ambao wakati ule waliuita gangreni ya hospitali. Leo waganga wanauhesabu katika jamaa ya maambukizo yanayoua nyama laini chini ya ngozi. Ugonjwa ulianza katika kidonda kidogo, kisha ukala mafuta, utando unaofunika misuli, na wakati mwingine misuli yenyewe. Ulipita kutoka kitanda hadi kitanda. Mtu aliyeingia hospitalini na jeraha la mkono aliweza kutoka akiwa maiti.

Lister alipewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa hao. Aliwalaza kwa dawa ya usingizi, akakwangua nyama yote iliyokufa, kisha akachoma kidonda kwa dawa kali yenye zebaki. Wengi wao walipona. Kwa wengine uozo ulirudi mahali ambapo kukwangua hakukukamilika. Hapo akapata wazo ambalo hakuliacha tena. Waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa unatoka katika hewa mbaya inayozunguka wodi, au katika udhaifu wa mwili mzima. Kama ingekuwa hivyo, kusafisha sehemu moja ya mguu kusingemwokoa mtu. Kwa kuwa kusafisha kuliokoa, lazima kulikuwa na kitu kilichokaa pale pale ndani ya kidonda. Alichukua uchafu wa vidonda hivyo akautazama kwa hadubini. Hakuweza bado kusema ni kitu gani, lakini alikuwa ameanza kutafuta mahali panapofaa.

Mwaka 1853 alikwenda Edinburgh, Scotland, kufanya kazi na James Syme, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa wakati ule. Miaka mitatu baadaye alimwoa binti yake, Agnes. Kwa ajili ya ndoa hiyo Lister aliacha dini ya Waquaker. Hawakupata watoto. Agnes alikuwa msaidizi wake katika utafiti kwa maisha yake yote: kurasa nyingi za madaftari ya majaribio zimeandikwa kwa mkono wake.

Hospitali iliyojengwa karibu na makaburi

Mwaka 1860 Lister alipewa kiti cha profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka uliofuata alianza kusimamia wodi katika hospitali kuu ya mji huo, Glasgow Royal Infirmary. Glasgow ilikuwa mji wa viwanda, mashine na mikokoteni. Kila siku waliletwa watu waliosagwa miguu na mikono. Jengo la upasuaji lilikuwa jipya, lakini gangreni na sumu katika damu viliua watu ndani yake kama katika majengo ya zamani. Baadaye iligunduliwa kwamba karibu na ukuta wa wodi zake, chini kidogo tu ya udongo, walizikwa kwa wingi watu waliokufa kwa kolera mwaka 1849.

Tatizo halikuwa la Glasgow peke yake. James Young Simpson, mganga maarufu wa Edinburgh, alikusanya habari za watu waliokatwa viungo nchini Uingereza. Kati ya watu 2,089 waliokatwa katika hospitali kubwa, asilimia 41 walikufa. Kati ya watu 2,098 waliokatwa vijijini, mara nyingi nyumbani kwao, waliokufa hawakufika asilimia 11. Kwa maneno mengine, kitu kilichotabiri kifo kuliko vingine hakikuwa ukubwa wa jeraha. Kilikuwa mlango ambao mgonjwa alipitia. Simpson alipendekeza hospitali kubwa zibomolewe na kuwekwa nyumba ndogo ndogo. Lister alitaka kwanza kujua ni kitu gani ndani ya hospitali kinachoua.

Njia ilifunguka pale Thomas Anderson, profesa wa kemia wa Glasgow, alipomwelekeza asome kazi za Louis Pasteur. Mfaransa huyo alikuwa ameonyesha kwamba divai na maziwa haviharibiki kwa sababu ya hewa yenyewe, bali kwa sababu ya viumbe hai vidogo sana, mikrobi, vinavyobebwa na vumbi la hewani. Lister aliunganisha mambo mawili. Kama mikrobi ndiyo inayoozesha maziwa, basi huenda ndiyo inayoozesha nyama ya mtu. Na ngozi ni kifuniko: mfupa uliovunjika chini ya ngozi nzima hauozi kwa sababu mikrobi haina pa kupitia. Tofauti ile ambayo kila mpasuaji aliijua kwa macho, kati ya mfupa uliofichika na mfupa uliotokea nje, sasa ilikuwa na sababu.

Pasteur aliua mikrobi kwa moto. Mguu wa mtu hauwezi kuchemshwa, kwa hiyo Lister alitafuta dawa. Alisikia kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki, inayotoka katika lami ya makaa ya mawe, kuondoa harufu ya maji machafu, na kwamba ng'ombe waliolisha katika mashamba yaliyomwagiwa maji hayo hawakuugua tena minyoo kama zamani. Akaamua kuijaribu.

Mtoto chini ya gurudumu

Tarehe 12 mwezi wa nane 1865, mtoto wa miaka 11 aitwaye James Greenlees aliletwa hospitalini. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limepita juu ya mguu wake wa kushoto, mfupa ukavunjika na ngozi ikapasuka. Lister alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Baada ya siku nne alikifungua. Ngozi ilikuwa imeungua kidogo kwa dawa, lakini harufu ya kuoza haikuwapo. Akapunguza ukali wa dawa na kuendelea. Baada ya wiki sita hivi mfupa ulikuwa umeunga, na mtoto alibaki na mguu wake.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mfanyakazi aliyepigwa teke na farasi. Mwanzo ulikuwa mzuri, lakini Lister aliposafiri nje ya mji, gangreni ya hospitali iliingia katika kidonda, na mguu ukalazimika kukatwa. Lister hakuficha jambo hilo. Alipochapisha kazi yake mwaka 1867 katika jarida la uganga The Lancet, alieleza habari za watu 11 waliovunjika mifupa ikatokea nje, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wale walioharibikiwa. Tisa walipona wakiwa na viungo vyao, mmoja alikatwa mguu, mmoja alikufa. Mganga yeyote wa wakati ule aliyesoma mistari hiyo alijua kwamba kwa desturi matokeo hayangekuwa hivyo.

Baadaye alifanya hesabu ya watu aliowakata viungo katika wodi zake. Katika mwaka 1864 na 1866, kabla ya njia mpya kutumika katika kazi hiyo, walikuwa 35, na 16 walikufa. Kati ya 1867 na 1869, baada ya njia mpya, walikuwa 40, na waliokufa ni 6. Vifo vilishuka kutoka asilimia 46 hadi asilimia 15. Ukuta ulikuwa ule ule, makaburi ya kolera yalikuwa pale pale, na hewa ya wodi haikubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichoruhusiwa kugusa kidonda.

Lister mwenyewe alionya kwamba watu 75 ni wachache mno kuwa msingi wa takwimu. Aliona kwamba maelezo ya kila mgonjwa yana uzito kuliko asilimia. Ni onyo ambalo watafiti wa leo wanalihitaji vilevile, maana hospitali moja ikihesabu wagonjwa wachache, bahati inaweza kuonekana kama ushindi.

Wenzake hawakuamini

Mtu angefikiri kwamba baada ya matokeo hayo hospitali zote zingebadilika mara moja. Haikuwa hivyo. Simpson alimpinga vikali na kusema kwamba asidi ya kaboliki ilishatumiwa na wengine. Wapasuaji wa London walicheka habari ya viumbe wasioonekana. Wengine walijaribu kwa nusu: walipaka dawa kidogo, kisha wakashika kidonda kwa vidole vichafu, halafu wakasema njia haifai. Wengi bado walipasua wakiwa wamevaa koti la zamani lililokauka damu, na kwao koti hilo lilikuwa alama ya uzoefu.

Wajerumani walisikia upesi zaidi. Katika hospitali kuu ya Munich, gangreni ilikuwa imeongezeka mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 1874 ikawa inashika vidonda 80 kwa kila 100. Mwaka uliofuata mpasuaji mkuu, Johann von Nussbaum, aliagiza njia ya Lister ifuatwe kikamilifu kwa kila mgonjwa. Gangreni ikatoweka. Jengo lilikuwa lile lile, na waganga ni wale wale.

Lister alikuwa amerudi Edinburgh mwaka 1869. Mwaka 1871 aliitwa kumpasua Malkia Victoria jipu lililokuwa chini ya kwapa. Mwaka 1877 alihamia London, katika hospitali ya King's College, ili kuwashawishi wale waliokuwa wagumu zaidi. Mwaka huo huo alipasua goti la mtu ambaye ngozi yake ilikuwa nzima, akaunga mfupa wa goti uliovunjika kwa waya wa fedha. Kwa wapinzani huo ulikuwa wazimu, kwa sababu aligeuza jeraha salama kuwa jeraha la hatari. Mgonjwa alipona, na taratibu kejeli zikapungua.

Hata yeye alibadilika. Kwa miaka mingi alitumia mashine iliyorusha mvuke wa kaboliki hewani wakati wa upasuaji, mvuke uliowachoma mikono na mapafu waliokuwa chumbani. Alipotambua kwamba hatari kubwa haiko hewani bali katika mikono, vyombo na ngozi, aliiacha mashine hiyo, na mwaka 1890 alisema hadharani kwamba anajuta kuwahi kuipendekeza. Waganga waliomfuata walisonga mbele zaidi: badala ya kuua mikrobi ndani ya kidonda, walichemsha vyombo na kusafisha mikono ili mikrobi isifike kabisa.

Heshima zilikuja uzeeni. Mwezi wa kumi na mbili 1892 alikwenda Paris kwenye sherehe ya miaka 70 ya Pasteur, na wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya watu. Miezi michache baadaye Agnes alifariki wakiwa safarini Italia, na Lister akaacha kuwahudumia wagonjwa. Alikuwa rais wa Royal Society kuanzia 1895 hadi 1900, na mwaka 1897 alipewa cheo cha Baron. Alifariki tarehe 10 mwezi wa pili 1912 huko Walmer, kwenye pwani ya Kent, akiwa na miaka 84. Ibada yake ilifanyika Westminster Abbey, lakini kwa matakwa yake alizikwa kando ya mke wake katika makaburi ya West Hampstead, London.

Leo waganga wanatabiri nini?

Gangreni ya hospitali, kama Lister alivyoijua, haionekani tena mara nyingi. Lakini jamaa yake bado iko: maambukizo yanayokula nyama chini ya ngozi kwa saa, si kwa wiki. Yanaweza kuanzia katika jeraha la ajali au la risasi, mkwaruzo mdogo, jino bovu, sindano, au jipu la sehemu za siri ambalo mtu ameona haya kulionyesha. Hata katika hospitali zenye kila kifaa, mtu mmoja kwa kila watano hivi, na pengine zaidi, anakufa.

Waganga wanaendelea na swali lile la Lister la nani atapona na kwa nini, lakini sasa wanatumia vipimo. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa hesabu ya mambo tisa kwa wagonjwa ambao uozo umeshika sehemu za siri: joto la mwili, mapigo ya moyo, kupumua, na mambo mengine sita yanayopimwa katika damu. Alama zikiwa nyingi, hatari ya kifo ni kubwa. Mwaka 2004 waganga wa Singapore walitoa hesabu nyingine ya vipimo sita vya damu ili kutofautisha uozo huu na uvimbe wa kawaida. Hesabu hiyo inasaidia, lakini ilipojaribiwa mahali pengine ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa wenye alama chache walikuwa na ugonjwa kamili. Ndiyo maana waganga wanafundishwa kwamba kipimo kizuri hakipaswi kumchelewesha mgonjwa ambaye mwili wake unasema vingine.

Umri mkubwa, ugonjwa wa sukari, figo zilizochoka na shinikizo la damu lililoanguka vyote vinaongeza hatari. Mambo hayo mtu hawezi kuyabadilisha usiku mmoja. Lakini kuna jambo moja linalorudi karibu katika kila utafiti na ambalo linaweza kubadilishwa: muda kati ya kuanza kwa ugonjwa na kukatwa kwa nyama yote iliyokufa. Dawa za mikrobi pekee hazitoshi, kwa sababu damu haifiki tena katika nyama iliyokufa, na dawa husafiri kwa damu. Ni lazima kisu kipite, kama Lister kijana alivyokwangua vidonda vya wagonjwa wake, na mara nyingi mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji siku inayofuata ili kuondoa kilichobaki.

Dalili zinazotangulia zinajulikana. Maumivu yanakuwa makali kuliko kidonda kinavyoonekana. Uvimbe unaongezeka kati ya asubuhi na jioni. Ngozi inageuka rangi, inatoa malengelenge, au inapoteza hisia, na ikibonyezwa inasikika kama ina hewa ndani. Homa inapanda, mgonjwa anadhoofika au anaanza kuchanganyikiwa. Mtu mwenye dalili hizi hafai kupakwa majani wala kusubiri hadi kesho. Apelekwe siku hiyo hiyo katika hospitali yenye mpasuaji, na wanaompeleka wamweleze mganga uvimbe ulianza saa ngapi.